Ng'ombe wa Mwingereza

Hapana, hatujanuniana. Tunasalimiana vizuri tu, na siku za mnada akija mjini anapita hapa kwangu Ngokolo, anakunywa uji wangu mpaka anakwangua kikombe. Yeye ananiita mwizi wa sauti, mimi namwita Mwingereza. Ndivyo tulivyo. Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, na shemeji usipomtania anaanza kufikiri umemsahau. Ila hilo jina la Mwingereza hakuzaliwa nalo. Huyo kazaliwa Kishapu, ndani ndani huko kwenye pamba na vumbi, na hajui Uingereza iko upande gani wa Mhunze. Jina alilipata redioni, kwa ajili ya ng'ombe wake na mdomo wangu.

Sogeza hicho kigoda, ukae. Huku namenya viazi, mdomo hauna kazi.

Ninaye mjukuu, mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi. Alikwenda shule, na Kiingereza alikipata huko kama wenzake walivyopata chawa, kikamwingia na hakikumtoka tena. Tangu mdogo alikuwa anatangazia mwiko. Unapika ugali, unatafuta mwiko, mwiko hauonekani, unamkuta nyuma ya nyumba ameushika mdomoni anawaambia kuku habari za dunia. Kuku wamesimama wanamsikiliza. Kwa hiyo alipomaliza masomo na redio moja ya hapa mjini ikamchukua kwa majaribio, sikushangaa, nilisema tu afadhali sasa mwiko wangu utapumzika.

Majaribio maana yake ni hivi, alivyoniambia mwenyewe: ukipendwa unaajiriwa, ukileta matatizo unarudi kwa bibi yako. Alikuwa anaitaka kazi ile mpaka chakula hakimpiti. Meneja wa redio, kijana mmoja katoka Dar es Salaam, shati limenyooka mpaka unaogopa kumgusa, alimwambia abuni kipindi chake. Yule meneja hawezi kusema jambo bila kusema kimsingi. "Kimsingi, shikamoo Mama." Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza hiyo shikamoo yenyewe je, ya msingi au ya juu juu.

Mjukuu akabuni kipindi akakiita Neno Moja. Kila wiki anachukua neno moja la kawaida la Kiingereza, anaeleza misemo ambayo Waingereza wameitengeneza kwa neno hilo, na misemo hiyo ilitoka wapi. Wakakiweka jioni, mara tu baada ya matangazo ya mifugo iliyopotea. Sasa wewe kama ni mgeni huku hujui hayo matangazo ni kitu gani. Taarifa ya habari watu wanaisikiliza huku wanaongea. Mahubiri wanayasikiliza huku wanasinzia. Lakini ikifika zamu ya mifugo iliyopotea, mpiga soga ananyamaza, mama anayekaanga anashusha sufuria, hata walevi wanaambiana nyamaza. "Amepotea ng'ombe jike, rangi ya majivu, sikio la kulia limechanwa, mara ya mwisho ameonekana anaelekea mtoni." Usukuma nzima inatega sikio. Maana ng'ombe akipotea huku si wa mtu mmoja. Sungusungu, walinzi wetu wa vijijini, wanapiga mwano, ile filimbi na yowe la kuitana, na ukisikia mwano ukakaa kwako unakula, kesho utaeleza mbele ya watu ulikuwa unakula nini kitamu hivyo.

Haya. Wiki za mwanzo alianza na neno mguu. Alikuwa anajizoeza hapa hapa uani, mimi namenya kama hivi. Akasema Waingereza, mtu akiogopa jambo dakika ya mwisho, kama bwana harusi anayetaka kukimbia, wanasema miguu imempoa. Akimtania mwenzake, wanasema anamvuta mguu. Akisema neno la aibu, wanasema ametia mguu mdomoni. Na mwenzao akienda kucheza mchezo wa kuigiza jukwaani, wanamtakia heri kwa kumwambia avunje mguu. Nikamuuliza hawa watu na miguu yao wana ugomvi gani. Akacheka, akaeleza kwamba zamani waigizaji waliogopa kutakiana mema waziwazi, wakihofia mkosi, kwa hiyo wakatakiana mabaya. Hilo nikalielewa vizuri, maana mimi na shemeji yangu tunatakiana mabaya tangu nilipoolewa na wote tuko hai.

Lakini mimi nilikuwa na neno langu. Kwetu msemo una mwenyewe. Tukisema mtu amekula kama fulani, huyo fulani yupo, alikula, na tunajua alikula nini na kwenye msiba wa nani. Kwa hiyo kila msemo alioleta nilimuuliza: ni nani huyo? Alikuwa mtoto wa nani? Akinijibu kwamba haijulikani, mimi namtengenezea. Bwana harusi wa miguu iliyopoa nilimpa sauti ya mchungaji wetu akiwa na mafua. Yule aliyetia mguu mdomoni nilimpa sauti ya jirani mmoja aliyerudi kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu huko Geita, akarudi na meno ya bandia yasiyomtosha. Mjukuu akawa anacheka mpaka anashika ukuta. Siku moja akanirekodi kwenye simu bila kuniambia, akampelekea meneja, na meneja akasema kimsingi huyu bibi aletwe.

Ndivyo nilivyoingia studio. Chumba hakina dirisha, kuta zimevalishwa magodoro. Nikauliza nani analala humo kwa kusimama. Wakanivisha vitu masikioni, wakaniambia niseme nikiguswa bega.

Wiki mbili tatu mambo yalikwenda vizuri. Watu walipiga simu. Mchimbaji mmoja alipiga kutoka upande wa Bulyanhulu, nyuma yake karasha inasaga mawe mpaka unamsikia nusu, akasema wao huko shimoni wanamsubiri yule bibi kuliko mpira. Mjukuu alirudi nyumbani anatembea kama amevaa viatu vipya. Akaniambia bado kidogo, bibi, meneja ameshaanza kunisalimia kwa jina.

Kisha ikaja wiki ya neno ng'ombe.

Mimi nilimwambia hilo neno aliache. Huku ni kwenye ng'ombe, unakwenda kuwaambia watu habari za ng'ombe wa mbali kwa nini? Akasema hapana bibi, ndilo watakalolipenda. Akaanza vizuri. Akasema Waingereza, mtu akilikabili tatizo bila kuzungukazunguka, wanasema amemshika dume pembe. Mtu mzembe mwenye vurugu wanamwita dume ndani ya duka la vikombe. Jambo ambalo hakuna anayeruhusiwa kulisema vibaya wanaliita ng'ombe mtakatifu, akaeleza limetokea kwa Wahindi, ambao ng'ombe kwao ni wa heshima. Hapo kote mimi niko kimya, nimeshiba, nangoja bega liguswe.

Ndipo akasema kuna msemo mwingine. Mwingereza akitaka kusema jambo litachukua muda mrefu sana usio na mwisho, kwa mfano kubishana na mtu mbishi, anasema unaweza kubishana naye mpaka ng'ombe warudi nyumbani. Akanigusa bega.

Nikamwambia hapo hapo hewani, mjukuu wangu, ng'ombe wanarudi jioni. Asubuhi wanatoka, jioni wanarudi. Urefu uko wapi hapo? Akaeleza kwamba ng'ombe wanatembea polepole, hawana haraka, na chimbuko lenyewe ni la zamani mno, hakuna anayejua mtu wa kwanza kusema. Mimi nikaona hii haiwezekani. Ng'ombe hawakurudi, wamengojwa mpaka imekuwa msemo wa taifa zima, halafu mwenyewe hajulikani? Lazima kulikuwa na mzee. Lazima alisimama mlangoni kwa zizi akaangalia njia.

Nikamwingia huyo mzee. Sasa Mwingereza nitamtoa wapi, mimi sijawahi hata kusalimiana naye. Sauti iliyokuja ni ya shemeji yangu. Anasafisha koo mara mbili, halafu anaongea kwa puani, na kila sentensi anaianza kwa sasa ee. Nikasema kwa sauti hiyo: sasa ee, mimi Mwingereza, ng'ombe wangu wametoka asubuhi na mpaka sasa sijawaona. Na ng'ombe nao nitawaona wapi wa Ulaya? Nikawataja ninaowajua. Jike mweupe, pembe moja imelala hadi karibu na jicho. Jike mwekundu, usoni ana baka jeupe kama sahani. Na dume jeusi lililokatika mkia. Nikalia kidogo, nikamwita mke wangu wa Kiingereza, nikamlaumu kwamba yeye ndiye aliyeacha lango wazi. Mjukuu alikuwa ameficha uso mezani kwa kucheka. Nje ya kioo fundi wa mitambo alikuwa anapiga makofi ambayo hatuyasikii.

Mjukuu alimalizia kwa ufasaha wote. Alisema huo ni msemo tu, mpendwa msikilizaji. Lakini mpendwa msikilizaji wa Kishapu alikuwa ameshasikia rangi na pembe, na baada ya hapo hakusikia kitu kingine, alikuwa anatafuta fimbo.

Yaliyofuata alinisimulia mke wa shemeji, na yeye huwa hapunguzi. Kipindi hakijaisha mwano ulikuwa umeshapigwa. Sungusungu wakatoka na filimbi zao na pinde zao, wakapita mabondeni, wakauliza kila zizi. Kila anayeulizwa anasema ng'ombe hao nawajua. Na kweli walijulikana. Wakafika kwa shemeji, wakawakuta wote watatu wamelala zizini kwake wanacheua.

Kamanda wa sungusungu ni mtu mfupi, anaongea kama anayeng'ata msumari, na r na l kwake ni kitu kimoja. Huyo kamanda aliwajua wale ng'ombe kuliko mtu yeyote. Yule jike mwenye sahani usoni, siku anazaliwa, kamanda ndiye aliyemvuta miguu. Shemeji akamkumbusha hilo. Kamanda akakubali kabisa. Akasema ndiyo, mimi mwenyewe nilimvuta, nilijua ni wako, mpaka jioni hii. Ila wewe mwenyewe tumekusikia kwenye redio unasema wewe ni Mwingereza na ng'ombe wako hawajarudi. Shemeji akasema hakusema. Kamanda akasema sauti yako tunaijua, ulisafisha koo mara mbili. Sasa kama wewe ni Mwingereza, ulitudanganya miaka yote. Kama siyo, hawa ng'ombe umemfichia Mwingereza. Chagua.

Shemeji hapo akafunga mdomo. Huyo akikasirika hasemi, anakuwa kama jiwe la kunolea. Wakasema basi ng'ombe wapelekwe redioni, mwenyewe atakuja kuwachukua huko alikotangazia. Asubuhi wakawapakia kwenye Fuso iliyokuwa inakwenda mnadani, shemeji kakaa katikati yao, dume limemwekea kidevu begani.

Mimi nilipigiwa simu na mjukuu. Hakusema shikamoo. Alisema bibi njoo, halafu nikasikia ng'ombe analia ndani ya simu, nikajua.

Nilipofika, uwanja wa redio ulikuwa umejaa. Sungusungu wamekaa kivulini kwa ustaarabu, pinde wameziegemeza ukutani. Jike mweupe alikuwa anakula maua ya meneja, yale aliyoyapanda kwenye matairi yaliyopakwa rangi. Dume limesimama mlangoni kwa studio, na taarifa ya habari ya saa nne, waliokuwa wanaisikiliza wanasema kila baada ya habari ya waziri lilikuwa linaitikia. Shemeji kakaa juu ya kizingiti, kaangalia upande mwingine. Nikamsalimia. Akaangalia upande ule mwingine zaidi.

Meneja alikuwa amekunja mikono ya shati. Nilijua hali ni mbaya. Akamweleza kamanda kwamba kimsingi hakuna Mwingereza, ni lugha ya picha. Kamanda akamuuliza hiyo picha iko wapi aione. Mjukuu wangu naye akajaribu kwa Kisukuma, akaeleza msemo ule tangu mwanzo, akaeleza muda mrefu, akaeleza kubishana, na alivyokuwa anaeleza wazee wanatikisa kichwa kwa huruma, wanasema maskini, hawakurudi kabisa? Tangu zamani hizo?

Hapo mlinzi wa getini akatoa wazo. Akasema yeye anamjua Mzungu mmoja anatengeneza mitambo ya kuchoronga miamba huko migodini, aazimwe kwa mchana mmoja, aje aseme ng'ombe ni wake, halafu amwachie shemeji kama zawadi. Meneja, mtu mzima, msomi, akafikiria. Nilimwona anafikiria. Lakini kamanda akakataa. Akasema huyo anamfahamu, walishakutana kwenye mnada, huyo ni wa Afrika Kusini. Ng'ombe ni wa Mwingereza.

Basi kamanda akasema tufanye kama tunavyofanya siku zote. Ng'ombe wakigombewa, kila mmoja asimame mbali awaite, watakayemfuata ndiye mwenyewe. Watu wote wakashusha pumzi, maana hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Shemeji anasimama pale getini, anaita, wanamwendea, tunakwenda kunywa chai. Wakamwambia shemeji aite.

Akakataa.

Mke wake akamsihi, mimi nikamsihi. Ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo, na alimwambia kamanda, mimi hakuniangalia. Akasema, "Anayeitwa ni ng'ombe aliyepotea. Mimi sijapoteza ng'ombe."

 Unaona mtu huyo? Ng'ombe wako hatua chache tu, wanamwangalia yeye, na yeye anaangalia mnara wa redio.

Jua likawa linapanda. Mjukuu akanivuta pembeni, macho yamemjaa maji. Akasema bibi, wewe unaiweza ile sauti, ite wewe, waondoke, meneja atanifukuza. Nikasema nikiita mimi itakuwa balaa. Akasema balaa ipi imebaki. Basi nikajifunga kanga vizuri, nikasimama getini, nikasafisha koo mara mbili. Nikatoa ule mwito wa shemeji, mrefu, wa puani, unaopanda halafu unavunjika mwishoni kama mtoto anayebalehe.

Walikuja wote. Jike mweupe alikuja na ua bado liko mdomoni. Dume liliacha mlango wa studio likaja mbio, likanisukuma kifuani nusura niketi chini. Sungusungu wakasimama kama watu walioona maiti inapiga chafya. Nikamwangalia shemeji. Sikio lake lilikuwa limegeuka, uso bado.

Kamanda akanizunguka. Akaniambia, mayu, yaani mama, rudia. Nikarudia. Akasema nisafishe koo tu bila kuita. Nikasafisha. Akawageukia watu wake akasema sauti tuliyoisikia ni hii, ng'ombe wameifuata hii, na sauti ilisema mwenyewe ni Mwingereza.

"Basi Mwingereza ni huyu bibi," akasema.

Nilicheka, mwanangu, nikakaa chini kabisa. Lakini nilikuwa nacheka peke yangu, maana kamanda hakuwa amemaliza. Alikuwa ameshaelewa sasa kwamba sauti ni ya kuigiza, na kwake hapo ndipo shauri lilipoanza. Akasema hebu tusikilizane. Mwano umepigwa. Watu wameacha chakula, wamepita kwenye miiba, mmoja ameng'olewa ukucha. Sasa nataka kujua kitu kimoja tu. Hawa ng'ombe jana walipotea au hawakupotea? Kama walipotea hata kidogo, basi redio ilitangaza, sisi tulitafuta, tumewapata, asanteni, kwaherini. Kama hawakupotea, redio imepiga mwano wa uongo. Na redio inayopiga mwano wa uongo, Kishapu nzima haitaipelekea tangazo la ng'ombe tena, na haitalisikiliza.

Meneja aliposikia hivyo, rangi ilimtoka. Ondoa matangazo ya mifugo pale, kinabaki nini? Kinabaki yeye na kimsingi yake. Kamanda akaongeza kwamba jibu halitasemwa uani. Mwano ulipigwa kwa redio, utazimwa kwa redio, kila mtu asikie, na atakayesema ni mwenye ng'ombe.

Meneja akamwita mjukuu ofisini, nami nikaingia bila kuitwa. Akamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha. Kimsingi, babu yako akisema hewani kwamba ng'ombe walichelewa, hata kidogo tu, umeokoka, na kipindi ni chako, na nakuajiri. Akisema hawakupotea, mimi siwezi kukusaidia, utarudi nyumbani leo leo na Neno Moja limekufa. Mjukuu akasema neno moja tu, sawa. Lakini mikono ilikuwa imeshika kikombe cha chai kama alivyokuwa anashika mwiko.

Akaenda kupiga magoti mbele ya shemeji, pale pale kizingitini. Shikamoo babu. Akasema hamwombi aseme walipotea, anaomba aseme walichelewa. Jana moja tu. Kidogo tu, kama mtu aliyesimama njiani kusalimia. Shemeji akamwangalia. Yule ni damu ya kaka yake, na pua ni ile ile. Akamwekea mkono kichwani, akasema kwa sauti ndogo nisiyoijua, na hiyo siwezi kuiigiza: "Nitasema, mjukuu wangu. Amka, nguo zitachafuka."

Tukafurahi wote. Meneja akamnunulia soda, akamfundisha maneno mwenyewe, sema tu walichelewa kidogo jana, sasa wako salama. Shemeji anaitikia kwa kichwa, anakunywa. Mimi nikamwambia shemeji, jitahidi, usije ukatia mguu mdomoni, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile na nikaona kama anataka kucheka. Kamanda akaingia studio na upinde wake, wakamwomba auache, akasema hapana, basi akaingia nao.

Jioni, matangazo ya mifugo yalipoisha, mjukuu alifungua kipindi.  Alieleza tena ule msemo, mpaka ng'ombe warudi nyumbani, akaeleza vizuri kuliko siku ya kwanza, akasema leo tunaye mwenye ng'ombe mwenyewe, naye atatueleza kilichotokea. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kanga. Nje, nasikia, mjini watu walisimama madukani, na huko Kishapu hakuna aliyetia mkono kwenye ugali.

Wakamsogezea shemeji kile cha kuongelea. Akakiangalia. Akawasalimia watu wa Kishapu, akawasalimia wa Mhunze, akawasalimia wakulima wa pamba na waliokuwa mnadani, akamsalimia mkewe, akawaambia ng'ombe wamekula vizuri ila maua hayana nguvu. Mjukuu akamnong'oneza, babu, sasa. Meneja nyuma ya kioo amekunja ngumi mbili kama anayeangalia penalti. Shemeji akasafisha koo, akasafisha tena. Akaangalia mbele, siyo kwa mjukuu, siyo kwangu, mbele tu, kama mtu anayeangalia zizi lake jioni. Akasema:

"Sasa ee. Ng'ombe wangu mimi hawajawahi kuchelewa kurudi nyumbani."